Gari la Kumlaza Mavyaa

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuwa hawezi kukaa. Kulala aliweza, kusimama kidogo kwa kushikiwa aliweza, lakini kukaa kitako kama watu wanavyokaa, hapana. Katika usichana wake alianguka mkarafuuni, nyonga ikaungwa ikaungika vibaya, na kila alivyozeeka ikazidi kukaza. Alikula kwa ubavu, alisali amelala, na wageni wote walimkuta amelala. Naanza na hilo kwa sababu mambo ya lile gari yalitokana na nyonga, na sitaki mtu afikiri kwamba mume wangu alikuwa mtu wa kupenda makubwa. Labda alikuwa, kidogo. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, ingawa shule yangu ilikomea darasa la nne, na mara nyingi nikishaandika kitu naona kimekuwa si kile nilichokiona.

Tulikaa Jadida, hapo Wete. Mume wangu aliendesha gari la abiria la mtu, Wete na Chake, Chake na Wete, kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa mchana. Mama yake alizaliwa bara, upande wa Tabora. Alikuja pwani na mjomba wake angali msichana, wakavuka mpaka Pemba kwa kazi ya karafuu. Mjomba alirudi, yeye akaolewa. Alizaa saba akazika wanne, na hao wanne wako makaburini nyuma ya mtaa wetu, mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa. Alisema Kipemba kama sisi. Ila nyonga ilipombana sana, ndipo ulipomtoka ulimi mwingine ambao hakuna hata mmoja nyumbani aliyeujua.

Msimu mmoja wa karafuu, katika wale watu wa bara waliokuja kuchuma, alikuwamo mtu mmoja wa makamo aliyepanga karibu na sisi. Siku moja alipita ukutani akasikia mavyaa akiugulia kwa ulimi ule. Alisimama, akapiga hodi, akajibu kwa ulimi ule ule. Nilimwona mavyaa akigeuza kichwa taratibu kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemwona. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Kumbe yule mtu alikuwa anakijua kijiji alikozaliwa mavyaa, na anamjua bibi mmoja mwenye kovu juu ya jicho, ambaye husimulia kwamba dada yake mkubwa alichukuliwa pwani na mjomba wao asirudi.

"Kovu hilo nimemtia mimi," mavyaa alisema. "Kwa mchi."

Yule mchumaji alirudi kwao, na msimu uliofuata akaja na jibu.

"Kasema hivi," alimwambia mavyaa, "kama ni wewe kweli, njoo nikuone. Macho yangu yanakwenda. Moja limeshafunga."

Mavyaa alilala ameelekea ukuta, nikadhani amesinzia. Baadaye akasema, "Nilimwacha ana mapengo ya mbele, mtoto yule."

Basi ikawa hiyo. Yeye hakusema "nipelekeni." Lakini tokea siku ile, kila mume wangu aliporudi kazini, mama yake alimuuliza kama bara kuna mvua, kama treni inakwenda mpaka huko, kama jicho moja likifunga la pili hukaa muda gani. Mume wangu si daktari. Alijibu, "Hukaa, Mama. Hukaa." Mimi nikimjua anavyosema uongo, maana huangalia miguu yake.

Treni ilikuwapo, lakini ina mabenchi, na behewa la vitanda si la watu kama sisi. Mtu asiyeweza kukaa hawezi kupelekwa kwa benchi. Ndipo siku moja tunakula, mume wangu akaweka tonge chini.

"Hatakaa. Atalala," alisema. "Tutatia kitanda ndani ya gari. Gari letu, naliendesha mimi, pole pole, tukichoka tunasimama."

"Na sisi tunalala wapi?" nilimuuliza.

"Humo humo. Wazungu wanafanya. Kuna mmoja bandarini alinionyesha picha, gari lina kitanda, lina jiko, lina pazia. Wanakwenda matembezi miezi."

"Na choo?"

"Nchi yote ile, wewe wauliza choo?"

Mavyaa alicheka mpaka akashika nyonga. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike shemeji yangu wa mwisho, na nadhani hapo ndipo mimi pia nilipolitaka gari.

Kulikuwa na lori bovu la karafuu nyuma ya ghala la mfanyabiashara mmoja. Kuku walitagia ndani yake. Mume wangu alikubaliana naye, akaliburuta mpaka uani kwetu, na kila jioni baada ya kazi aliingia chini ya injini. Injini aliiweza. Bodi ndiyo iliyokuwa haipo, imeoza yote, umebaki usukani na kiti na chuma cha chini. Fundi wa bodi za magari alikuwako Chake, lakini mume wangu alimwendea ami yangu, mdogo wake baba, ambaye ni fundi wa mashua huko Tumbe. Sababu zake zilikuwa mbili, nazo zote za kweli. Ami alikuwa mpole, tena alikuwa wetu.

Ami alikuja na tezo na keekee yake ya kutobolea mbao, akakizunguka kile chuma mara kadhaa.

"Mkuku nauweka wapi?" aliuliza, yaani ule uti wa chini wa mashua.

"Gari halina mkuku, ami," mume wangu alisema.

"Basi litasimamaje?"

"Lina magurudumu."

Ami alitikisa kichwa, akaanza. Alitengeneza alichokijua. Alisimamisha mataruma kama mbavu za mashua, akagongomea mbao za mtondoo kwa nje, na mwanya baina ya ubao na ubao akaukalafati kwa pamba. Kisha akapaka sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mashua, tabaka juu ya tabaka. Mtaa mzima ukaja kutazama.

"Yakhe, tanga mwatweka lini?"

"Mkifika bara mtatia nanga wapi?"

"Nyie chekeni," ami aliwajibu bila kuacha kazi. "Mvua ya huko ikiwafika wao na mabati yao, sie hatuna habari."

Kwa kweli halikuingia tone. Lakini lilikuwa zito, na kilima cha kutokea bandarini lilikipanda kwa kuguna, na harufu ya sifa haikutoka. Nililisugua kwa ndimu, nikalifukiza udi, nikatundika vifuko vya karafuu. Tulipomlaza mavyaa ndani mara ya kwanza, alivuta pumzi, akasema, "Mmenitia tumboni mwa papa." Halafu akapapasa ubao wa pembeni yake, ulipopigwa randa ukawa laini, akamwambia ami, "Ahsante, baba. Umefanya kazi nzuri." Ami alitoka nje akajishughulisha na msumari ambao haukuwa na kasoro.

Mwalimu mmoja jirani alitupa ramani kuukuu ya shule. Tuliitandaza juu ya kitanda cha mavyaa, maana yeye hakuweza kuja mezani. Ami alitafuta Pemba muda mrefu.

"Iko wapi?"

"Umeifunika kwa kidole, ami."

Aliinua kidole chake kinene, akaangalia. "Sote tumo humu?"

"Sote."

"Na kule Tabora kuko wapi?"

Mume wangu alimwonyesha. Ami alipitisha kidole kutoka Pemba mpaka huko. Kisha aliuliza kama huko katikati kote kuna watu.

Tulipima kwa uzi. Kutoka Wete mpaka Mkoani uzi ulikuwa haufiki ukubwa wa punje ya mchele. Mume wangu alijua anakwenda saa ngapi kutoka Wete mpaka Mkoani, basi akazidisha, punje juu ya punje, akapata siku. Mimi nilisema sidhani kwamba barabara ya huko ni kama ya huku. Akasema barabara ni barabara. Nikaona labda mimi ndiye mwoga. Njia yetu ikawa ni meli mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, gari linashushwa kwa winchi, halafu Morogoro, halafu Dodoma, halafu moja kwa moja. Mume wangu, ambaye maisha yake yote alikuwa akigeuza gari kila anapoiona bahari, alitaka kuendesha siku nzima bila kugeuza. Ami, ambaye alishaingizwa katika safari bila mtu kumwalika rasmi, alitaka kulala mahali ambapo mtu hasikii maji. Mimi nilitaka kuona mlima wenye theluji. Wakaniambia hauko njia ile, uko kaskazini. Nikasema basi tupinde. Mume wangu akauvuta uzi mpaka mlimani na kurudi, kwa ajili yangu, na akasema tutaona.

"Nyie pindeni mkirudi," mavyaa alisema. "Mimi nifikisheni kwanza. Nataka anione yule, basi."

Tulipanga mambo hayo wiki nyingi. Samaki wa ng'onda wangapi, achari, tende, jiko la stovu, chandarua, bakuli la haja la mavyaa, mkeka wa kusalia, debe la maji. Ule ndio wakati wa furaha, na nauandika kwa urefu kwa sababu najua kilichobaki.

Mume wangu alisema hatuwezi kuvusha mgonjwa kabla ya kujaribu. Tuzunguke kisiwa kwanza, tulale humo humo garini, tuone godoro linamfaa na jiko linawaka. Na mavyaa akasema kama ni kuzunguka, basi atapita kuomba radhi. Kwetu mtu haondoki safari ya mbali, seuze mzee, bila ya kuwaendea jamaa na majirani akawaambia niliyokukoseeni nisameheni, na mimi nimekusameheni. Wanaokwenda Makka hufanya hivyo, na yeye alikuwa na umri ambao kila safari ni ya aina hiyo.

Tulianzia Chokocho, kwa jamaa wa marehemu mkwe wangu. Mume wangu alisimamisha gari pembeni ya uwanja, nikawasha stovu. Maji hayajachemka, akatoka mwenye nyumba.

"Nini hicho?"

"Chai, mzee."

"Naona chai. Nauliza kwa nini yapikwa hapo."

"Tunajaribu jiko la safari."

"Mke wangu kafa?"

"Sijafa," mkewe alisema kutoka ndani. "Wao ndio wataka kuniua."

Mavyaa alilala ndani kwao, kitandani kwao, na wenyewe wakalala chini. Asubuhi aliwaomba radhi, wakalia, wakatupa kuku wawili wa njiani.

Tumbe ilikuwa zaidi, maana ni kwetu. Shangazi yangu alikaa mlangoni mwa gari na mwili wake wote, akasema haondoki mpaka godoro literemshwe. "Mtu alale barabarani mbele ya mlango wangu, kesho watu waseme nini?" Mume wangu alimweleza kwamba hii ni majaribio. Shangazi alimwambia akamjaribu mama wa mtu mwingine. Siku ya tatu tukaamua kusimama mahali pasipo nyumba. Mahali hapo Pemba hapapo. Tuliingiza gari ukingoni mwa shamba la karafuu, jua halijatua, akatokea mtu na panga lake.

"Gari limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Basi nani kawafukuza?"

Akatuchukua kwake, mtu tusiyemjua wala asiyetujua.

Kwa hiyo tulikizunguka kisiwa, na kitanda cha ami hakikulaliwa hata usiku mmoja. Njiani kurudi mume wangu alikuwa akicheka usukanini. "Bara huko tutalala," alisema. "Hakuna wa kututeremsha."

Mavyaa nyuma hakucheka. "Hakuna kabisa?" aliuliza.

"Nani atujue, Mama?"

Sikumwona uso wake, nilikuwa mbele. Huenda hakufikiri lolote. Mimi naweza kuwa naongeza sasa.

Kabla ya kufika kwenye siku yenyewe, sina budi kusema kwamba ile ilikuwa miaka ya siasa. Watu walikuwa wameanza kususiana. Mtu hanunui duka la fulani, hapandi gari la fulani, hata maziko wengine hawakwenda. Maneno yaliyokuwa ya kawaida yaliota miba. Mtu akisema "wageni," kila mmoja anageuka kuona ametajwa nani. Sitaji upande wowote, kwa sababu kila upande ulikuwa na watu waliotenda vibaya na watu waliojizuia, na nyumbani kwetu tulikuwa na wote. Mtaani petu, nashukuru, visima havikutenganishwa.

Majirani wa Jadida tuliwaacha mwisho. Wanawake walikuja nyumbani kuaga, kwa sababu mavyaa hakuweza kuzunguka mlango kwa mlango. Chumba kilijaa. Aliyekaa karibu kabisa na kitanda alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Huyu mama hapaswi kusemwa kwa wepesi. Alipoumwa baada ya kujifungua, zamani, mavyaa ndiye aliyemnyonyesha mwanawe pamoja na wake mwenyewe, kwa hiyo yule kijana ni mtoto wa ziwa wa mavyaa, ndugu wa mume wangu kwa sheria. Na mavyaa alipovunjika mkono mwaka mmoja, jirani ndiye aliyempikia mpaka ukapona. Vitu vyao vya jikoni vilikuwa vimechanganyika, hakuna aliyejua kinu ni cha nani.

Mavyaa aliomba radhi. Kila mmoja alisema nimesamehe, nisamehe na wewe. Zamu ya jirani ilipofika alimshika mkono, machozi yanamtoka.

"Nimesamehe, mama, wala huna ulilonikosea. Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Na alhamdulillahi. Hata ikiwa Mola amekuandikia huko, angalau utazikwa kwenu."

Mavyaa alimtazama. "Kwetu wapi?"

"Si huko mwendako?"

Wanawake wawili watatu waliitikia, "Ndiyo, ndiyo, mtu kwao." Wengine walikuwa wanamimina chai. Mavyaa alisema, "Amin." Mazungumzo yakaendelea, yakaingia habari ya harusi moja, watu wakacheka. Nilikuwa na mazoea ya kuandika mambo ya siku kidogo kidogo, na siku ile niliandika kwamba wageni walikuwa wengi na sukari ilipungua. Neno lile sikuliandika. Sikuliona.

Asubuhi mume wangu alipokuwa akitia maji kwenye rejeta, mavyaa aliniita.

"Mwanangu, niteremshie godoro langu kutoka garini."

Nilidhani anataka lianikwe. Nikalileta.

"Lirudishe kitandani."

"Tutalihitaji kesho, Mama."

"Siendi."

Nilimwita mume wangu. Alikuja na mafuta mikononi. Akamuuliza kama anaumwa. Hapana. Kama anaogopa meli. Hapana. Kama ni harufu ya gari. Akasema gari ni zuri, mpeni ami salamu zangu. "Sijisikii tu," alisema, na hilo ndilo lililobaki kuwa jibu lake kwa kila mtu.

Mume wangu alikaa chini, mlangoni. Ninamtetea kwa lile alilolisema baadaye, kwa sababu alikuwa amelala chini ya injini ile mwaka mzima na akili yake yote ilikuwa kwenye jicho moja la bibi asiyemjua. Alisema, "Umetuchosha bure, Mama." Hajawahi kusema neno kama hilo kabla yake wala baada. Mama yake akajibu, "Najua."

Ami alikuja kutoka Tumbe na nguo zake katika kifurushi, tayari kwa safari, akaambiwa. Alikwenda akaketi ndani ya gari peke yake kidogo. Halafu akatoka akaomba maji ya kunywa.

Alipotoka mume wangu kwenda kurudisha tiketi za meli, mavyaa aliniambia nifunge mlango.

"Wanne wangu wamelala hapo nyuma," alisema. "Na baba yao. Mimi nikifa huko njiani mtanizika huko, hamna la kufanya, mtafanyaje. Na huku watasema ndiyo, karudi kwao. Kama miaka yote hii nilikuwa matembezini."

"Mama, yule hakukusudia."

"Najua hakukusudia. Angekusudia ningemjibu."

Nikamwambia basi tumwite jirani, tumwambie, azungumze. Nikamwambia na habari ya mdogo wake, kwamba jicho halingoji. Nilisema kwa haraka na vibaya, kama ninavyosema nikiwa na hofu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nataka anione," alisema. "Usidhani sitaki. Lakini mimi nikitoka hapa sasa, nimetoka." Akanitaka nisimwambie mwanawe. Angejua, angekwenda ukutani kwa jirani kugomba, na miaka ile ugomvi wa kuta mbili ungekuwa wa mtaa. Hilo lilikuwa kweli. Nilinyamaza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu ilikuwa kweli, na hata leo sijui kama sababu mbili zinatosha.

Mume wangu alikwenda peke yake, kwa meli na treni, kwenye benchi. Alimchukulia khalati yake, yule mdogo wa mama yake, karafuu, kanga mbili na picha ya mama yake aliyopigwa amelala, mtu wa picha amesimama juu ya kiti. Lile gari lilibaki uani. Baadaye ami alilibomoa kwa mikono yake, na mbao zikarudi Tumbe zikawa sehemu ya mashua, mahali zilipokuwa zikitaka kuwa tangu mwanzo, alisema.

Mume wangu aliporudi alikuwa amekonda na vumbi jekundu liko ndani ya masikio. Mavyaa hakumuuliza habari ya njia. Alimsubiri amwamkie, anywe maji, akae pembeni ya kitanda.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Ana meno?"

"Machache."

"Na yeye kakuona?"

Mume wangu aliangalia miguu yake, kisha akainua uso. Nadhani alitaka kusema uongo akashindwa. "Jicho la pili lilikuwa limeshafunga. Tangu kiangazi."

Mavyaa alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nilimpa picha akaishika tu. Akaniuliza kwa nini hukuja, nikamwambia unaumwa. Kisha akaniambia nisogee. Akanishika uso wote, pua, masikio, mpaka hapa kwenye taya. Akasema taya ni la kwenu."

"Kasema 'la kwenu'?"

"Kasema 'la kwetu.' Yule mchumaji alinifasiria."

"Alikushika kwa mkono gani?"

"Yote miwili."

Mavyaa alimwambia asogee. Alimpapasa polepole, pua, masikio, taya, kama mtu anayefuata njia iliyopitwa na mwenzake. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, aliinama akamwachia. Mimi nilitoka nikaenda kumenya muhogo ambao hakuna aliyeuhitaji.

Alifariki masika yaliyofuata, kwa homa ya siku chache. Wa kwanza kufika alikuwa jirani, kichwa kitupu, kanga moja begani. Katika kumwosha tulikuwa wawili na mwoshaji. Mimi nilishika kata ya maji, jirani aliosha miguu. Aliosha mguu ule wa nyonga mbovu kwa uangalifu kama bado unauma.

Mwoshaji alipotoka kufuata sanda, jirani aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Lilikuwa neno langu?"

Sikuuliza neno gani. Ningeuliza, angejua kwamba najifanya silijui. Sikuuliza, akajua. Hili nimeligeuza miaka mingi na sijapata njia ya tatu.

"Hapana," nilimwambia.

Alitikisa kichwa, akaendelea kuosha baina ya vidole, kimoja kimoja. Mchana watu wa pande zote mbili za siasa walibeba jeneza, wakamlaza pembeni ya mwanawe wa mwisho. Jirani alikaa nasi mpaka hitima, akipika kwenye jiko letu, na kila jioni aliniangalia mara moja kabla ya kwenda kwake, kama anayetaka nibadilishe jibu.